Anayebaki Juu Asinyamaze

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule akaniambia, babu, kwa jirani wamechimba shimo. Nikamuuliza shimo gani. Akanitazama kwa ile huruma mnayotuonea nyie vijana tukiuliza jambo mara mbili, akasema, "Shimo tu, babu." Nikachukua fimbo yangu nikaenda kuangalia mwenyewe. Lilikuwa karo la maji machafu, na walikuwa wamelisogeza mno kwenye ukuta wa jiko. Niliwaambia. Wakanishukuru, wakaendelea kuchimba palepale.

Shimo tu! Mimi nimechimba ardhi hii ya Mpanda tangu sina ndevu mpaka magoti yalipogoma, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniita nimchimbie shimo tu. Anayekuita ana haja yake. Anataka kisima, au choo, au msingi wa nyumba, au mtaro wa kutoa maji uani, au amefiwa. Ukishajua jina la anachokitaka, umeshajua sururu uishikeje na udongo uuweke wapi. Ndiyo maana nawaandikia haya, hata kama wengi wenu hamtashika sururu maishani mwenu.

Choo, kwa mfano, kinakaa chini ya mteremko, mbali na kisima. Kuna mtu pale mjini alitaka choo chake kiwe juu ya kisima, eti upande ule kuna upepo mzuri. Nikamwambia upepo utaufaidi wewe, kilichobaki watakunywa watoto wako. Mtaro unapitisha maji, handaki linaficha watu. Mwenye duka mmoja aliniagiza handaki la kupitishia bomba, nikamuuliza hilo bomba linamkimbia nani. Lambo, neno ambalo Wasukuma walikuja nalo pamoja na ng'ombe wao, halina ukuta wa kusimama. Unalilaza upande mmoja taratibu ili ndama aweze kushuka kunywa na kupanda tena. Ukilichimba kama kisima utakuwa umechimba mtego. Na mtego nao una jina lake, rima. Ni shimo pekee linalochimbwa ili lisionekane. Wazee wa zamani walitegea wanyama, na siku hizi ukilichimba kandokando ya hifadhi kule Sitalike utaeleza mbele ya askari. Halafu kuna duara la wachimba dhahabu. Huko niliingia mara moja nikatoka. Kisima kina mwisho, ukifika kwenye maji umemaliza. Duara mwisho wake ni tamaa ya mwenye nalo, na mimi sikutaka kufanya kazi na tamaa ya mtu mwingine.

Kaburi nalifahamu kuliko ninavyopenda. Linachimbwa na walio wengi, kwa kupokezana, na utani humo ndani unaruhusiwa, tena mwingi. Kijiti ulichompimia marehemu hakirudi nyumbani, unakivunja na kukiacha mlemle. Kwa ndugu zetu Waislamu ukifika chini unachimba tena ubavuni, ile nafasi wanayoiita mwanandani, na usithubutu kuifanya nyembamba kwa uvivu.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Kalisti, Mkonongo wa kule Inyonga, mtu mfupi mwenye mabega mapana na mdomo mchafu. Alinichukua nikiwa kijana wa kubeba udongo. Kabla hajachimba kisima alizunguka kiwanja akiangalia mikuyu imeota wapi na vichuguu vimesimama wapi, kwa sababu mchwa hajengi mbali na unyevu. Akichagua mahali alichimba mviringo, maana kona ndizo zinazoanza kubomoka. Udongo ulitupwa mbali na mdomo wa kisima, ukiurundika pale uzito wake utakuja kukufuata chini. Ukutani tulichonga vidato vya kukanyagia, huku na huku. Na kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, tulitanguliza kibatari kilichofungwa kwenye kamba. Kikizimika huko chini, nasi hatushuki, tunakata matawi yenye majani na kuyapandisha na kuyashusha mpaka hewa ichangamke.

Lakini kibatari kinakwambia habari za asubuhi tu. Hewa inaweza kuchoka saa nne, wewe ukiwa umeinama unachimba na hujui. Kwa hiyo Mzee Kalisti alikuwa na sheria moja ambayo hakuitania kamwe: anayebaki juu asinyamaze. Wa juu anashika kamba na kuvuta ndoo, na muda wote huo anaongea. Wa chini lazima ajibu. Wa juu akisikia majibu yanachelewa, au ulimi umekuwa mzito kama wa mlevi, haulizi mara ya pili, anavuta. Nje ya hapo mnaweza kuongea chochote mnachotaka. Unaweza kumsema hata mama mkwe, alikuwa akisema, mradi sauti zisikatike.

Sasa niwaambie kosa letu kubwa, na jinsi lilivyoniletea Nyandwi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Kule Katumba, walikoishi watu waliokuja kutoka Burundi, kulikuwa na mama mmoja mjane. Mwanawe alikuwa amejikata mguu kwa jembe, na mama alikuwa na sherehe ya jirani ya kuitengenezea pombe ya ndizi. Akatuita mimi na Mzee Kalisti tumchimbie kitu alichokiita urwina. Hatukukijua. Tukamuuliza kinalazwa nini humo, akasema mikungu ya ndizi, akatuonyesha urefu kwa mikono, kisha akaenda zake shambani kukusanya majani makavu ya migomba.

Nyie mnajua mkono wa fundi. Ukimwambia kitu kirefu kinalazwa ndani na kufunikwa, mkono wake unakwenda ulikozoea. Tulichimba kuta zikasimama wima, tukaenda chini mpaka kifuani, udongo wote upande mmoja, na Mzee Kalisti akalaza kijiti cha kupimia juu yake kwa mazoea. Tulipopumzika tulijisifu kwa kazi safi. Kumbe wiki nzima ile mama yule alikuwa akiumwa homa na majirani wanajua. Akapita mmoja, akaona shimo, akatuona sisi wawili ambao anatukumbuka kutoka mazikoni, na mama mwenyewe haonekani. Akakaa chini akaanza kulia. Wakaja wengine. Mmoja alileta unga, mwingine akaleta kuni. Sisi tukadhani ndiyo desturi yao ya urwina, tukavua kofia kwa heshima.

Mama akatokea na mzigo wa majani kichwani, akakuta msiba wake mwenyewe. Alicheka mpaka akaweka mzigo chini akakaa juu yake. Wote tulicheka, na Mzee Kalisti alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha mama akajifuta machozi kwa ncha ya kanga na kusimama pale ukingoni akiangalia chini. Hakuwa anacheka tena.

"Mmenichimbia imva, wanangu," alisema. "Kaburi. Mimi la kwangu silitaki huku. Lifukieni."

Tukalifukia lote. Yule mwanawe mwenye mguu mbovu akatusaidia, akiburura udongo kwa jembe bila kusema neno. Halafu mama akatuelekeza upya upande wa pili wa nyumba: shimo lisilo na kina kirefu, kingo zimelala, moto unawashwa kwanza humo mpaka udongo upate joto, majivu yanaondolewa, majani yanatandikwa, ndizi zinalazwa na kufunikwa mpaka ziive. Siku tulipokwenda kuona zikifukuliwa, harufu yake ilitupokea tungali njiani.

Yule mwanawe ndiye Nyandwi. Jina hilo kwao ni la mtoto wa saba, na waliomtangulia wote sita hawakufika Tanzania. Hayo sikuyajua siku ile. Nilichokiona ni kijana wa rika langu, mrefu, mikono mirefu ya kuvuta kamba, na mabega ya Mzee Kalisti yalikuwa yameanza kuchoka. Mguu ulipopona tukamchukua.

Siku ya kwanza nilishuka, na juu kukawa kimya. Nilimsikia Mzee Kalisti akimgombeza. Nyandwi akasema hana la kusema. Kweli, juu ya ardhi alikuwa mtu wa kutikisa kichwa tu, ukimsalimia anakujibu kwa macho. Mzee akamwambia, basi taja hata majina ya vitu. Halafu sauti ikashuka polepole: kisima kwao ni iriba, kaburi ni imva, na urwina nishaijua. Nikamjibu kutoka chini nikimpa ya kwetu, karo, lambo, rima. Akauliza rima ni nini. Nikamweleza. Akaniambia kwao kilimani watoto walikuwa wakichimba vishimo barabarani na kuvifunika kwa majani ili watu wazima waanguke, na yeye aliwahi kumwangusha padri. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya ndoo.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na tukaendelea miaka kadhaa. Mzee Kalisti akastaafu, akarudi kwao Inyonga, tukabaki wawili. Kila kitu nilichokijua kuhusu Nyandwi nilikisikia nikiwa chini, nikiinua macho na kuona kiduara cha mbingu na kichwa chake kikichungulia. Aliniambia habari za wale sita, mmojammoja, kila mmoja kwenye kisima chake. Nami nilimwambia mambo ambayo sikumwambia hata mke wangu, mpaka mke wangu akawa ananiuliza kwa wivu wa utani, huyo Mrundi wako kakusimulia nini leo kuhusu nyumba yangu. Tukitoka juu, tukinawa, tukashika njia ya kurudi, yalikwisha. Tulitembea kutoka kijiji hadi kijiji tukipeana tumbaku na kuonyeshana ndege. Sikuona upungufu wowote. Kesho kulikuwa na kisima.

Baada yake nimefanya kazi na watu wengi wa juu. Mmoja alizungumza mpira tu, tena wa timu ambayo siipendi. Mmoja alipiga mluzi akadai ni kuongea. Mwingine alinyamaza ghafla nikiwa chini sana, nikaita, nikaita, nikapanda vidato, nikakuta amekwenda kununua sigara. Huyo nilimwacha siku hiyohiyo. Wengine walikuwa wazuri, sheria waliishika na mimi niliwajibu, na visima vilipatikana. Lakini nilikuwa najibu ili wajue napumua.

Siku hizi linakuja lori lenye mtambo, linatoboa mchana mmoja, na jioni bomba linamwaga maji. Sisemi ni vibaya. Maji yanatoka chini zaidi, ni safi, na hakuna mama anayelala akiwaza mumewe yuko kwenye hewa gani. Nilisimama kutazama mmoja wa mitambo hiyo ukifanya kazi. Kelele zake zilikuwa kubwa na mafundi walikuwa wameziba masikio, wanaelekezana kwa vidole. Nikaondoka kabla maji hayajatoka. Si kwa hasira, vijana. Nilimkumbuka mtu.

Kisima chetu cha mwisho kilikuwa Usevya, ukingoni mwa mashamba ya mpunga, kwa Mzee Masanja, Msukuma aliyekuwa amehamia na mifugo yake. Wake zake walikuwa wakichota mtoni wanakolala viboko, na mmoja alikuwa amekimbizwa mpaka akaacha ndoo. Udongo wa pale juu ni ule mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka na masika unateleza, hausimami. Ilibidi tuuzuie kwa magogo kwanza, ndipo tukaingia kwenye mfinyanzi wa kijivu. Kazi ilikuwa nzito na Nyandwi alikuwa na maneno machache kuliko kawaida. Nilidhani ni uchovu.

Redioni siku zile kulikuwa na habari kwamba kwao kumetulia na anayetaka anaweza kurudi. Watu Katumba walikuwa wakigawanyika nyumba kwa nyumba, huyu anafunga mizigo, huyu anapanda muhogo mpya. Mimi sikumuuliza Nyandwi. Niliogopa jibu, na juu ya ardhi hatukuwa na mazoea ya kuulizana.

Asubuhi moja nikiwa chini, mfinyanzi umeanza kubadilika kuwa mchanga wenye ubaridi, akaniita.

"Gervas. Mama anaondoka. Ameshaandikishwa kwenye malori."

Nilichimba kidogo. Nikamuuliza yeye je.

"Anataka imva yake iwe kule. Nitamwacha aende na nani?"

Sheria inasema wa chini lazima ajibu. Nikamjibu yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia baki. Nilimwambia nitamwomba baba kiwanja kando ya changu, nitamtafutia mke, mama yake tutamwangalia sote, na akifa nitamchimbia mwenyewe vizuri kuliko mfalme. Nilimwambia sina mtu mwingine wa kuongea naye hapa duniani. Niliyasema nikiwa nimeushikilia mpini wa sururu, uso umeangalia ukuta, kwa sababu kumtazama nisingeweza.

"Angebaki hata mmoja wetu," alisema Nyandwi, "ningekaa. Mimi ndiye wote saba."

Nikaendelea kuchimba, naye akaendelea kuvuta ndoo, na hatukunyamaza. Tuliongelea mambo madogo. Aliniuliza mchanga una rangi gani, nikamwambia mweupe. Akaniuliza kama nakumbuka msiba wa mama yake, tukacheka tena. Halafu sururu ikazama laini na maji yakaanza kuingia kutoka upande wa mashariki, kidogokidogo, yakanifunika nyayo.

Hapo ndipo mchimbaji anatakiwa kupiga kelele, walio juu washangilie. Sikupiga. Nilijua nikisema maji, nitavutwa, na nikishatoka juu tutanawa na kutembea kimya mpaka Katumba, na hayo ndiyo yatakuwa yamekwisha. Nikasimama mlemle. Maji yakapanda kwenye vifundo vya miguu. Nilimuuliza kule kilimani kwao mtu akitoka nje asubuhi anaona nini. Akanieleza polepole, mlima baada ya mlima, na migomba, na ukungu unaokaa bondeni mpaka jua likolee. Maji yakafika magotini. Alikuwa anayasikia, mtu wa juu anasikia kila kitu. Mara moja wake wa Mzee Masanja walisogea kuuliza kama bado, nikamsikia akiwajibu kwamba bado.

Meno yalipoanza kunigonga ndipo alishusha kamba bila kusema chochote, nami nikajifunga. Akina mama walipiga vigelegele, Mzee Masanja akachinja mbuzi. Sisi tulinawa. Tuliporudi tulipitia Sitalike kudandia gari, na njia nzima hakusema neno wala mimi sikusema. Malori yaliondoka Katumba wiki ile. Mama yake alinishika kichwa kwa mikono miwili akanibariki kwa lugha yao. Nyandwi alinitazama, akanikabidhi kamba yake, akapanda.

Hazikupita siku nyingi redio ikabadilika, zikaja habari za vita. Watu wengi walikimbia tena kuja huku, na kila nilipopata nafasi nilikwenda kuwapokea wageni na kuuliza. Mmoja aliniambia amemwona kwenye kambi ya upande wa Kigoma. Mwingine akasema hapana, yule na mama yake hawakutoka kilimani. Wa tatu alitikisa kichwa tu, na sikumwomba afafanue. Mpaka leo sijui. Nimezeeka nikiwa sijui, wajukuu zangu, na ninamtamani yule mtu kila siku ninayoamka.

Nyie mna miguu na mna magari. Wengine wenu mnavuka mpaka kwenda kununua na kuuza kana kwamba mnakwenda dukani. Mkifika kwao, mkamkuta mzee mrefu mwenye kovu la jembe mguuni, anayeitwa Nyandwi, mwambieni kisima cha Usevya hakijawahi kukauka. Msishangae asipojibu. Juu ya ardhi ndivyo alivyo. Kaeni naye tu.